Kaimba kakaa kitini, mtaani kwao: Ozzy, Aston, na ami yangu wa fidla

#1 PapasiMstaafu

Asalaam alaykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite.

Kazi yangu mnaijua. Natembeza wageni Mji Mkongwe, tangu enzi za upapasi mpaka nikapata kitambulisho changu cha halali. Pale Shangani kwenye jumba la makumbusho la Freddie Mercury nimesimama mpaka paka wa pale wananijua. Nasema yale yale kila siku: kazaliwa hapa Unguja 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, kapelekwa skuli ya dakhalia India akiwa na miaka 8, karudi, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Na kila kundi hakosekani mmoja wa kuuliza: aliwahi kurudi kuja kuimba kwao? Hakurudi. Hunyamaza kidogo, halafu hupiga picha mlango.

Basi mwanzo wa Julai 2025 nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, watu wazima, wametoka Birmingham. Tumeshamaliza Shangani, tunakunywa juisi ya miwa Forodhani, yule bwana akaniambia: "Wenu hakurudi. Wetu anaimba kwao Jumamosi hii, na sisi tuko huku." Tiketi walizikosa, safari walishalipia. Akanialika juu ya paa la nyumba ya wageni walikofikia, kalipia matangazo kwenye kompyuta. Nikenda kwa adabu tu, nia yangu ninywe soda niondoke. Nimerudi kwangu saa tisa za usiku na masikio yanalia.

Huyo "wao" ni Ozzy Osbourne. Mie nilikuwa nalijua jina kwa kumsikia tu, mzungu wa nywele ndefu aliyemng'ata popo. Kumbe mtoto wa watu masikini, kazaliwa 1948, kakulia Aston, mtaa wa viwanda wa Birmingham. Kafanya kazi machinjioni, kafanya kazi kiwandani ya kusikiliza honi za magari kama zinalia sawa, kaiba, kafungwa wiki kadhaa. 1968 yeye na vijana wenziwe watatu wa mtaa huo wakaanzisha Black Sabbath, na sahani yao ya kwanza ya nyimbo ikatoka Februari 1970. Muziki mzito ule wote unaousikia leo, wa magitaa yanayonguruma kama jenereta, watu wanauhesabia hapo.

Sasa nyumba aliyokulia na uwanja wa mpira wa Villa Park ni hatua chache. Mgeni wangu kanihadithia kuwa Ozzy alipokuwa mtoto, siku za mechi, alikuwa akiwalindia watu magari yao kwa senti kidogo. Na tarehe 5 Julai 2025 akaimba ndani ya uwanja ule ule, watu zaidi ya elfu 40, wa mwisho kupanda jukwaani baada ya makundi makubwa mchana kutwa: Metallica, Guns N' Roses, Slayer, Tool na wengine hata siwakumbuki. Wote walikuja kumpigia yeye. Jukwaa lilikuwa la kuzunguka, kundi moja likimaliza linageuzwa, jengine lishajipanga nyuma. Nikasema haya, huku kwetu kubadilisha kundi jukwaani ni nusu saa ya "moja mbili, moja mbili, sauti hiyo".

Halafu akatoka. Katokea chini ya jukwaa, kainuliwa na mashine, kakaa juu ya kiti cheusi kikubwa kama cha mfalme, kina popo juu yake. Ana maradhi ya Parkinson, alishayatangaza Januari 2020, na mgongo mbovu wa ajali na kuanguka. Kusimama hawezi. Lakini mikono! Anapiga makofi, anatoa macho, anawapigia watu kelele wamtie nguvu, anajaribu kuinuka kitako kinagoma. Akawaambia miaka kama 6 yuko kitandani, hawajui anavyojisikia kuwa pale. Kuna nyimbo moja ya taratibu, ya mtu anayemwambia mama narudi nyumbani. Hapo sauti ikamkatika, na uwanja mzima ukaichukua nyimbo ukaimaliza. Yule bibi mgeni wangu alikuwa analia kwa sauti, mie namtazama mumewe, na yeye analia. Nikajifanya naangalia taa za jahazi baharini.

Tarehe 22 mwezi ule ule akafariki. Siku 17.

Nimeandika kwa sababu nimebishana na watu barazani na sijaridhika. Wako wanaosema kumtoa mzee mgonjwa vile mbele za watu ni aibu. Mie naona kinyume, ila nataka kuwasikia. Na nina sababu yangu ya nyumbani, nitaieleza tukifika huko.

#2 Kashata_Moja

Nilidhani Papasi unauza safari ya kisiwani Changuu. Kumbe umeingia roki. Ujana hauna mwisho.

#3 MpembaAsili

Mie hapo pa popo ndipo nnataka ufafanuzi. Huyu bwana kang'ata popo kweli ama ni hadithi? Maana miaka ile ya popobawa, yule jini wa mabawa ya popo, sie Pemba tulikuwa tunalala nje, familia nzima, mkeka kwa mkeka, na kumbe dawa ilikuwepo Uingereza.

#4 PapasiMstaafu

Kweli kabisa, 20 Januari 1982, Des Moines, Marekani. Mtu katoka kwenye watazamaji karusha popo jukwaani, yeye akadhani ni wa mpira, wa kuchezea. Kamtia mdomoni. Baadaye kachomwa sindano za kichaa cha mbwa. Yeye mwenyewe maisha yake yote watu hawakumuuliza jengine.

#5 MpembaAsili

Haya. Ila asithubutu kuja Kidike. Popo wetu wana hifadhi, na wakubwa, mabawa yake ukiyakunjua hayamkai mdomoni.

#6 Mzee_wa_Kahawa

Waalaykum salaam. Mimi ni katika hao unaowasema, na pengine ndiye uliyebishana naye barazani.

Sina neno na muziki wake, kila watu na ngoma yao. Neno langu ni kwa watu waliomzunguka. Mzee wa miaka 76, mikono inatetemeka, anainuliwa na mashine kama mzigo wa bandarini, na kamera inamsogelea usoni. Sie tumelelewa kuwa mzee akishadhoofika hufichiwa aibu yake. Hualikwi chumbani kwa mgonjwa ukapiga picha. Angekumbukwa vile alivyokuwa, anaruka jukwaa zima. Sasa wajukuu zake wataona nini?

Na jengine: si huyu aliyewahi kuaga mwaka 1992, safari ya mwisho, halafu akarudi? Huku ni kuaga kwa mgeni wa harusini, yuko mlangoni saa nzima, pilau likipakuliwa tena anaketi.

#7 MuuguziWaZamu

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kuaga 1992 umemshika, tena safari ya kurudi kwake aliipa jina la kutukana kustaafu.

Lakini kwenye aibu naomba nikupinge kwa heshima. Kuna kumfichia mzee, na kuna kumficha mzee. Hayo ni mawili.

Nawaona wagonjwa wa Parkinson. Ubongo una chembe zinazotengeneza kemikali ya dopamini, inayosaidia mwili kwenda pale unapoutaka. Chembe zile zinakufa kidogo kidogo. Mikono inatetemeka, mwili unakakamaa, hatua zinakuwa fupi, hata uso unakuwa kama umeganda na sauti inapungua. Akili kwa wengi iko pale pale, muda mrefu sana. Sasa familia zetu zikiona uso hauchangamki, zinadhani mzee kashaondoka. Wanaacha kumsemesha. Wageni wakija anatiwa chumba cha ndani. Yeye anasikia kila kitu.

Na hili mtalipenda: mdundo unawasaidia. Mgonjwa kasimama mlangoni miguu imeganda, ukimpigia makofi kwa kipimo au ukimwimbia, anaondoka. Nimeyaona kwa macho yangu kwa bibi mmoja, tulimpeleka mpaka ukumbini kwa kumpigia kidumbaki juu ya beseni.

#8 Mzee_wa_Kahawa

Marahaba mwanangu. Kumfichia na kumficha. Nitalilala nalo hilo.

#9 KakaWaUghaibuni

Habari za huko. Mie naishi Birmingham miaka mingi, natokea Malindi. Niko mtaa wa pili na Aston, kwa hiyo Papasi nakuunga mkono na nakuongezea.

Tiketi sikuwa nayo wala sikuitafuta. Siku ile nilitoka dukani narudi nyumbani, nikakuta barabara zimejaa mashati meusi. Mnaijua Aston ya leo? Ni Wapakistani, Wabangladeshi, watu wa Karibiani, Wasomali, sie wachache. Misikiti, maduka ya vitambaa, kuku wa kuchoma. Basi wale mijitu ya madevu na michoro mpaka shingoni wamejipanga kwenye maduka ya Waislamu wanakula sambusa. Jirani yangu Mpakistani, roki kwake ni kelele tu, alikuwa kavaa fulana ya Ozzy aliyonunuliwa na mwanawe, anawaelekeza watu njia ya uwanjani kama yeye ndiye mwenye shughuli. Mji ulikuwa na harusi.

Kelele ziliingia mpaka ndani. Mke wangu kafungua dirisha, nilidhani anataka kulalamika, kumbe anasikiliza.

Mpemba, nina habari yako pia. Kituo kikuu cha treni, New Street, kuna dume la ng'ombe la chuma, refu kama ghorofa tatu hivi, linatikisa kichwa na mkia. Lilitengenezwa kwa michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, halafu watu wakapiga kura lipewe jina. Likaitwa Ozzy.

Alipokufa walimpitisha katikati ya mji, Broad Street, wakasimama kwenye daraja lenye jina la Black Sabbath, lina benchi lenye sura zao wanne. Maua yalikuwa mpaka hayana pa kuwekwa. Nimekwenda. Sijui kwa nini nimekwenda, nyimbo zake sizijui hata moja yote. Nadhani nimekwenda kuona mji unavyomzika mtu wake.

#10 MpembaAsili

Dume la ghorofa tatu! Lileteni Pemba msimu wa kaskazi tulicheze kama ng'ombe wetu wa mchezo. Vijana watalivalia kanga na mama zao watapiga ngoma ya msewe.

#11 BintiVikokotoni

Nimesoma kimya kimya, sasa nasema.

Mnamshangaa mzungu kuimba kakaa kitini. Taarab asilia nani kasimama? Wapigaji wote vitini, udi mapajani, kanuni ya nyuzi magotini, na waimbaji wa zamani walikaa kitako na wenzao, mikono imetulia. Kuruka ruka ni mambo ya juzi. Kwetu ukikaa ndiyo umeanza kazi. Kwa hiyo mzee Ozzy katika siku yake ya mwisho kaimba kama mtu wa Unguja, na hakujua.

Na habari ya watu kumalizia nyimbo mwenyewe sauti ikimkatika, hiyo ndiyo kutunza. Si noti tu. Mama yangu akinifundisha: ukiona muimbaji kachoka, nyanyuka nenda mbele, hata huna kitu mkononi, mpepee leso. Pesa za tiketi za siku ile zilikwenda kwa utafiti wa Parkinson, hospitali ya watoto ya hapo Birmingham na nyumba ya kulelea watoto wagonjwa. Mji umemtunza, na yeye kautunza mji.

Ila mimi nina uchungu wangu, nao ni wa hapa hapa. Siti binti Saad katoka Fumba, kauza vyungu, kaja mjini wakamtungia nyimbo za kumcheka kaniki yake. 1928 kapelekwa Bombay kutiwa sahani, na sahani zile zikampeleka kila bandari ya pwani hii. Leo tunajivunia. Bi Kidude wetu, kapiga msondo mpaka uzeeni ambako hata umri wake hakuna aliyeujua sawasawa, 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, huko Uingereza, na 17 Aprili 2013 alipofariki Bububu, wakubwa wote walikuwepo mazikoni. Siku ya mazishi sisi hodari. Gari zinajaa, hotuba zinatoka. Nauliza ile siku moja kabla, mtu yuko hai anasikia, anaambiwa "leo kaa hapa katikati, sisi ndio tutakupigia". Tumemfanyia nani?

#12 Kashata_Moja

Binti kashika maiki, watu wameshuka vitini.

#13 Fundi_Spika

Nakubali na sikubali. Bi Kidude alipanda jukwaa la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe na watu walimshangilia akiwa hai, nilikuwepo, nilifunga nyaya. Si kweli kuwa hakupendwa. Tatizo letu ni wapigaji. Muimbaji angalau jina linabaki. Mpiga fidla wa safu ya pili, mpiga dumbak, mpiga besi, hao wakiugua ndio basi, anakaa mwengine kwenye kiti chake na nyimbo inaendelea. Pale Villa Park, mpiga dramu wao Bill Ward alikuwa hajapiga na wenziwe tangu 2005. Miaka 20. Wakamwita. Babu kavua shati akapiga.

#14 PapasiMstaafu

Fundi umefika pale nilipokuwa nakwepa. Haya, nieleze ya nyumbani.

Ami yangu ni mpiga fidla. Kapiga katika kikundi kimoja cha taarab hapa mjini miaka zaidi ya thelathini, jina la kikundi siliweki. Harusi, maulidi ya serikali, Idd, safari za nje. Safu ya pili, kama asemavyo Fundi. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kidogo, akawa anaushika upinde kwa nguvu kuficha. Halafu mazoezi akachelewa kuitwa. Halafu kikundi kikasafiri, yeye akapata habari kwa muuza magazeti. Hakuna aliyekuja kumwambia neno, zuri wala baya. Kiti kikapata mtu. Miaka minne fidla iko chini ya kitanda, na sie nyumbani, Muuguzi, tulifanya hayo hayo uliyoyasema. Wageni wakija tunamuacha ndani apumzike. Tulikuwa tunajiona wenye adabu.

Baada ya usiku ule wa juu ya paa, nikampelekea vipande kwenye simu. Hana habari na roki. Nikamshikia simu karibu. Ami wala hakumtazama Ozzy! Anamtazama mpiga gitaa, Tony Iommi. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. "Huyu vidole vyake vina nini?"

Wallahi nilikuwa sijui, nikatafuta. Iommi alikuwa kijana wa kiwanda cha vyuma, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo vile ndivyo vidole vya kubonyezea nyuzi. Kayeyusha chupa ya plastiki, kajitengenezea ncha, kazivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Ule mngurumo mzito wao, sehemu yake inatokana na hapo.

Nikamsomea ami. Akakaa kimya. Nikamchezea na ile nyimbo iliyokatika sauti. Kasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kaiacha sauti kati ya njia, lakini watu wameidaka." Halafu akaongeza, bila ya kunitazama: "Mie siku yangu ya mwisho kupiga, sikujua kuwa ndiyo ya mwisho. Ningelijua ningelivaa koti."

Mzee wa Kahawa, hilo ndilo jibu langu kwako. Yule bwana wa Aston alijua. Kavaa, kakaa kitini, kaambiwa na wenziwe, kamaliza nyimbo nne na wale watatu alioanza nao, mpiga besi akampa keki, fataki zikapigwa, kashushwa. Alikwenda kwao anajua.

#15 Mzee_wa_Kahawa

Nimeshalilala nalo, na nimeamka nalo. Huyo ami yako namjua, sitamtaja. Aliipiga harusi ya binti yangu mkubwa. Kuna mahali katika bashraf, ile ya vyombo vitupu, alikuwa akiuvuta upinde taratibu mpaka watu wanaacha kutafuna.

Mwambie nakuja kumtazama kesho baada ya laasiri. Sijaenda miaka minne na nyumba zetu zinatazamana migongo.

#16 BintiVikokotoni

Papasi, usiku mmoja tu. Si lazima jukwaa. Uani kwenu panatosha watu wangapi?

#17 PapasiMstaafu

Panatosha arobaini wakibanana. Lakini mkono unatetemeka, upinde hautulii. Naogopa.

#18 Fundi_Spika

Apige nyuzi mbili tatu akichoka tutadaka. Spika ndogo ninazo, sikodishi, naleta. Dumbak nina mtu. Udi nina mtu, tena alikaa naye safu moja, kajiondoa kikundini mwenyewe.

#19 MuuguziWaZamu

Apange na saa za dawa. Mara nyingi kuna muda baada ya dawa mwili unakuwa mwepesi. Muulizeni yeye saa yake nzuri ni ipi, msimpangie nyinyi.

#20 KakaWaUghaibuni

Natuma ya chai na vitafunio. Nirushieni moja kwa moja, na tafadhali mtu ahakikishe tukuza, mita ya umeme, ina umeme, isije ikalia katikati ya nyimbo.

#21 PapasiMstaafu

Wana jukwaa, samahani kwa kimya cha wiki nzima.

Ami kakataa mara mbili. Mara ya tatu kasema fidla iletwe atazame tu, nyuzi mbili zimekatika. Nyuzi mpya tumezipata. Juzi usiku nikasikia chumbani anatafuta sauti ya A, anaipata, inamtoroka, anaifuata. Sikuingia.

Mzee wa Kahawa kaja kila siku tangu ile siku. Wanabishana mpira.

Ni Alkhamisi hii, baada ya isha, kwa sababu saa yake nzuri ni hiyo, kasema mwenyewe. Koti limetoka kwa dobi leo. Mpemba, boti ya asubuhi inakuwahisha, utalala kwetu. Viti vya kukodi tumepata thelathini tu, na kimoja chenye mikono ni chake, kwa hiyo mwenye kiti aje nacho.